Uyoga na Maji Taka: Tuanze na Shimo



Tumeulizwa mara nyingi kama ni kweli uyoga unaweza kusafisha maji taka. Unaweza, ila kwa masharti, na tumeona tuyaseme kabla fedha haijatoka.

Uyoga tunaouona juu ya gogo ni tunda tu. Kazi hufanywa na nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya mti. Nyuzi hizo hutoa vimeng'enya vinavyovunja hata ugumu wa ubao, pamoja na rangi nzito ambazo bakteria wengi hushindwa kuzivunja.

Huku Mbeya tunafikiria maji ya kumenyea kahawa. Yana sukari nyingi. Yakikaa huchacha, na yakiingia mtoni vijidudu vinavyoyala humaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa. Kuvu huvumilia uchachu huo kuliko bakteria wengi. Basi magunia ya vipande vya mti yaliyopandwa mbegu ya uyoga wa mamama huweza kuyachuja, yakipita taratibu. Gunia lisizamishwe, kwani bila hewa nyuzi hufa na gunia hunuka. Tena pasipo shimo la kutuamisha kwanza, maganda yataliziba mara moja.

Maji ya vyooni ni habari nyingine. Kuvu peke yake haituhakikishii kuua vimelea vya kipindupindu. Iringa kuna mfano wa karibu: Shule ya Sekondari Ruaha ilijengewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bwawa la kokoto lililopandwa matete. Vijidudu vinavyoishi kwenye kokoto na mizizi ndivyo vinavyosafisha. Panahitajika mtu wa kukata matete na kuzibua bomba, na huyo ndiye bajeti zetu humsahau.

Tunajua akina mama watatamani kuuza uyoga. Uliokulia kwenye maji taka usiliwe wala usiuzwe, maana mamama hunyonya madini yenye sumu kama kadimi. Wa kula uoteshwe kwenye maganda safi ya kahawa, katika banda la mbali.

Kwa hiyo maombi yatakayotufikia yaanze na shimo, mfereji na posho ya mtunzaji. Magunia ya uyoga yaandikwe mwisho.