Ufa hauzibwi kwa rangi

(Mazungumzo kwa vijana wa Mara)



Leo nawazungumzia jambo ambalo wengi wenu mnadhani ni la wasomi: ukarabati wa nje wa jengo kuukuu la chuo kikuu. Si la wasomi peke yao. Fedha ni kodi zenu, pamoja na mikopo mtakayoilipa ninyi. Na anayepanda juu ya paa kwa ujira wa kutwa ni mmoja wenu.

Chuo kikuu tunacho. Kile cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama, kilianzia kwenye majengo ya Shule ya Sekondari Oswald Mang'ombe. Kule Mlimani, Dar es Salaam, majengo ya kwanza ni ya miaka ya 1960. Yote hayo adui yake ni mmoja: maji.

Mfereji wa paa ukiziba, maji hushuka ukutani. Yakipenya kwenye ufa wa zege hufika kwenye nondo. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, zege linameguka. Sasa aje kigogo na ndoo za rangi wiki moja kabla ya mgeni rasmi! Hilo ni changa la macho. Masika ya kwanza tu rangi inabanduka, na fungu limekwishaliwa.

Fundi mkweli huanza juu: paa, mifereji, kisha nyufa na nondo, madirisha, plasta. Rangi ni ya mwisho. Ukiona rangi imetangulia, uliza.

Kuuliza kuna gharama, najua. Desemba 2017 zilisambaa picha za nyufa katika hosteli mpya za Mlimani, zilizozinduliwa Aprili mwaka huo huo kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 10. Wakala wa Majengo walieleza kuwa ni viungio vya kutanukia. Viungio hivyo vipo kweli: jengo refu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Lakini mwanafunzi aliyesambaza picha alihojiwa na polisi. Kwa nini? Anayeuliza habari za ufa apewe maelezo, siyo askari!

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana ni la uhai. Majengo mengi ya zamani yaliezekwa kwa asbesto, zile karatasi ngumu za kijivu zenye mawimbi. Ukizivunja kwa nyundo, vumbi lake huingia mapafuni likakaa humo. Saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati aliyekupa kibarua hujui hata yuko wapi. Usikubali kuivunja kwa kitambaa cha puani. Dai barakoa maalumu, iloweshwe maji, ishushwe nzima.

Mwisho, msiishie kubeba zege. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Sajilini vikundi, ingieni kwenye mfumo wa NeST, ombeni kazi. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawaruhusu kuuliza: mkandarasi nani, fungu kiasi gani, paa limeguswa?

Waliozoea kupaka rangi juu ya ufa wanaomba msiulize. Ulizeni.