Usalama wa Mtoto Mwenye Mzio wa Maziwa

Mzio wa maziwa ni hali ambayo kinga ya mwili huzichukulia protini za maziwa, hasa kasini, kuwa adui na kuzishambulia. Nao ni tofauti na kushindwa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambako huleta gesi na kuharisha. Dalili za mzio, ambazo mara nyingi hujitokeza kati ya dakika chache na saa 2, ni pamoja na vipele vinavyowasha, uvimbe wa midomo na kutapika.

Kuchemsha maziwa hakuondoi hatari, wala maziwa ya mbuzi si mbadala salama, kwa kuwa protini zake hufanana mno na za ng'ombe. Walezi wanapaswa kuchunguza siagi, samli, mtindi, maandazi na uji, kusoma lebo za vyakula vya paketi, kutenga vyombo visivyoguswa na maziwa, na kuwajulisha walimu, yaya na jamaa wote. Kunyonyesha kuendelee isipokuwa daktari ashauri vinginevyo, naye mtaalamu wa lishe aelekeze vyakula vya kuziba pengo la kalisi na protini, kama vile dagaa, maharage na mboga za majani.

Mtoto akipumua kwa shida au akilegea ghafla, hiyo ni anafilaksia, yaani mshtuko wa mzio unaoweza kuua: achomwe pajani sindano ya adrenalini aliyoandikiwa, kisha akimbizwe hospitali hata akipata nafuu, kwani vidonge vya kutuliza mwasho pekee haviokoi maisha.