Valvu Zilizochoka Hutoaje Hesabu Sahihi?



Nimeombwa niseme machache juu ya elektroniki, nami nimechagua chombo cha kizamani kwa makusudi. Vijana wa kidato cha sita wanaijua kanuni ya amplifaya ya hesabu: gawanya rizista ya mrejesho kwa rizista ya kuingilia, weka alama ya hasi, jibu hilo. Lakini waulize kwa nini nguvu ya amplifaya yenyewe haimo katika kanuni hiyo, na wengi watanyamaza. Siwalaumu. Ndani ya 741, iliyotoka mwaka 1968, kila kitu kimefungiwa mahali jicho halifiki. Katika K2-W, iliyotengenezwa na kampuni ya George A. Philbrick huko Boston, Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, unaweza kuonyesha kila sehemu kwa kidole.

K2-W ni kiboksi cheusi chenye miguu 8, kinachochomekwa kama valvu ya redio. Juu yake zimesimama valvu mbili za aina ya 12AX7, na kila moja ina trayodi mbili ndani ya kioo kimoja. Trayodi mbili za kwanza zimeunganishwa kathodi zao, zikigombea mkondo mmoja unaopita katika rizista kubwa hadi kwenye volti 300 za hasi. Gridi ya moja ikipanda, inavuta mkondo na mwenzake anapungukiwa. Zikipanda zote sawasawa, karibu hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana chombo hiki hujali tofauti tu baina ya maingilio yake mawili.

Trayodi ya tatu huikuza tofauti hiyo. Lakini anodi yake hukaa kwenye volti nyingi, nasi twataka pato liwe sifuri maingilio yakiwa sifuri. Hapo ndipo zilipowekwa taa mbili ndogo za neoni. Neoni ikiwaka hushikilia volti karibu zile zile, basi hushusha kiwango bila kuidhoofisha ishara. Mwanga ule mwekundu si pambo! Trayodi ya nne haikuzi kitu. Kazi yake ni kuubeba mzigo.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nguvu ya kukuza ni mara 15,000. Weka rizista ya kilo-omu 100 kwenye ingilio la hasi, na ya mega-omu 1 kutoka kwenye pato kurudi kwenye gridi ile ile. Ingiza volti 1. Pato linashuka, na kadiri linavyoshuka linaivuta gridi chini kupitia rizista ya mrejesho. Mvutano unatulia gridi ikibakiwa na theluthi mbili tu za milivolti, na pato likiwa volti 9.993 za hasi. Miaka ipite, valvu zichoke, nguvu ishuke hadi mara 10,000. Theluthi nzima imepotea! Pato je? Volti 9.989. Tofauti haifiki volti 0.004. Nguvu ile kubwa haikuwekwa ili itumike yote. Iliwekwa ili itoswe, na rizista mbili zibaki ndizo zinazoamua.

Ukiiondoa rizista ya mrejesho na kuweka kapasita, chombo kinajumlisha kadiri muda unavyokwenda, yaani kinafanya intigresheni. Kwa njia hiyo wahandisi walikokotoa mienendo ya mitambo kabla kompyuta za tarakimu hazijaenea.

Ipo kasoro ambayo mrejesho hauiponyi: sifuri yenyewe husogea kathodi zinapopata moto, kwa hiyo huna budi kungoja, kisha kuirekebisha. Na kwa yeyote atakayekipata chombo hiki sokoni: baina ya volti 300 za chanya na 300 za hasi kuna volti 600, na kapasita za mtambo wa umeme huweza kubaki zimejaa hata swichi ikizimwa. Zitoe umeme kwanza ndipo utie mkono.

Karibuni kwa maswali. Kidato cha sita waanze.