Kulizunguka Shamba la Mkonge kwa Miguu

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani kutoka Kilosa na Mikumi, iliyotolewa kabla ya matembezi ya Kimamba



Kesho alfajiri tutaondoka Kimamba, tutafuata mpaka wa shamba la zamani la mkonge, na kabla jua halijafika utosini tutakuwa tumerudi pale pale kwa upande wa pili. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini Tume inawasumbua watu wazima kuzunguka pori. Jibu letu ni fupi. Wengi wetu tunagombania ardhi ambayo hatujapata kuizunguka. Mkulima anaijua kona anayolima, mfugaji anajua mapito na maji, na mwenye hati, kama yupo, anaijua ramani. Shamba zima halijulikani na mtu.

Huko Ulaya, ambako migodi ya makaa ya mawe imefungwa, nchini Uingereza na Ujerumani, watu wamepanda miti juu ya vilima vya takataka za migodi na kuchonga njia za kutembelea siku ya Jumapili. Wanatembea kwa burudani. Sisi hatuwaonei wivu, lakini hatuna budi kukiri kwamba matembezi yetu ni ya namna nyingine, kwa maana ardhi tutakayoipita bado ina madai juu yake.

Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, na 62 tu ikafika hai. Kutokana na hiyo michache ikaota mali iliyolisha nchi nzima. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa Kimamba na Kilosa, na mashamba yakaifuata reli. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000 za singa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Kamba za plastiki zilikuwa zimekwisha ingia sokoni, bei ikaanguka, usimamizi nao ukalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki karibu tani 20,000 tu. Mashamba yakauzwa tena kwa watu binafsi. Mengine yakafufuka. Mengine yakabaki hati bila jembe.

Mtaona nini kesho? Mtaona milingoti ya mkonge imesimama peke yake kati ya vichaka. Mmea huu hutoa mlingoti mara moja tu, kisha hufa. Palipo na milingoti mingi, jueni kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na mkono wa kukata wala wa kupanda. Mtaona msingi wa korona, mashine iliyosaga majani na kutoa singa. Katika kila kilo 100 za majani zilizoingia pale, singa zilikuwa kilo nne hivi, na zilizobaki zilitupwa. Mtaona mahali palipokuwa kambi.

Hapo kambini tutasimama kwa muda mrefu kuliko penginepo. Walioishi pale waliitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Mbeya, na ng'ambo ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Tangu mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, SILABU. Mfanyakazi alipewa kipande chenye siku 30 za kazi. Majani yalifungwa mafungu ya 30, na siku ambayo mtu hakutimiza mafungu aliyopangiwa haikuandikwa, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Ndiyo sababu mwezi wa mshahara haukuwa mwezi wa kalenda. Wengi hawakurudi kwao. Walizaa hapa, wakafa hapa, na wajukuu wao ni waamini wa parokia zetu. Wanaimba katika kwaya zetu na kuongoza Jumuiya Ndogo Ndogo. Lakini ikifika siku ya kugawa ardhi, wanaambiwa wao ni wa kuja.

Neno hilo, wa kuja, ndilo linalotutia hofu. Mnakumbuka Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ambapo watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatutalifukua jambo hilo ili kuhesabu nani alianza. Tunasema tu kwamba katika wilaya yenye mashamba makubwa yaliyolala, maskini wawili waliuana kwa kugombea mabaki. Jambo hilo lilitosha kutunyima usingizi.

Papa Paulo wa Sita aliandika katika waraka wake Populorum Progressio, mwaka ule ule wa 1967, kwamba haki ya kumiliki si haki isiyo na mpaka; ardhi kubwa isiyotumika, inayoleta dhiki kwa watu, yaweza kutwaliwa kwa ajili ya manufaa ya wote. Nabothi naye alishikilia urithi wa baba zake hadi akauawa kwa hila ya mahakama. Someni sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza kabla ya kulala.

Katika miaka ya karibuni Rais amefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa wilayani Kilosa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila tufahamiane vema: hati ikifutwa, shamba haliwi la kijiji papo hapo. Linarudi mikononi mwa umma chini ya Rais, na kulifanya ardhi ya kijiji kwahitaji hatua nyingine za kisheria. Katika pengo hilo hupita wenye fedha, wenye jamaa ofisini, na wenye kupima viwanja usiku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba imetaka watatu wawe wanawake. Ni parokia ngapi kati yetu zimewahi kuuliza kama wale watatu wapo, na kama husema lolote?

Ninyi mliotoka Mikumi mnajua mpaka wa aina nyingine. Hifadhi yenu ilianzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975, hata ikafikia kilomita za mraba 3,230. Huko, mpaka una askari. Huku Kimamba una kichaka. Tunawaomba mtembee karibu na wenyeji na kuwauliza maswali, kwa sababu mgeni huona jiwe la mpaka ambalo mwenyeji amelizoea.

Sasa maagizo. Kila kundi liwe na mzee mmoja aliyefanya kazi shambani, mama mmoja anayelima, na mfugaji mmoja. Tumewaalika wafugaji, wawe Wakristo au wasiwe, na wamekubali kuja. Makundi yasijipange kwa kabila. Mtu asing'oe alama yoyote ya mpaka, wala asiahidi ardhi kwa yeyote. Katibu wa kila kundi achukue daftari, aandike mahali pa maji, mapito ya ng'ombe, mashamba yanayolimwa na tangu lini. Makaburi ya kambini yaandikwe kwanza, kabla ya yote, kwa majina ambayo wazee bado wanayakumbuka. Daftari hizo zitasomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, si katika ofisi ya paroko.

Njooni na maji ya kutosha na viatu vigumu. Miiba ya mkonge haina huruma. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili.