Ushahidi ni Amana

Maneno ya Sheikh katika mkutano wa ukumbusho wa jumuiya yetu, Nyamirambo, Kigali

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Nimeombwa na wakubwa wa jumuiya niseme machache juu ya uhalifu na hukumu katika zama zetu hizi. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu, basi sitathubutu kuwafundisha mahakimu kazi yao. Nitasema jambo moja ambalo kila mmoja wetu analiweza, nalo ni ushahidi. Hakimu hakuwapo pale uovu ulipotendeka. Polisi naye huja jambo limekwisha. Aliyekuwapo ni jirani. Jirani akinyamaza, au akisema uongo, sheria hata iwe nzuri namna gani huwa kama mizani isiyo na mawe: yaning'inia tu, haipimi kitu.

Nchi yetu imelijua jambo hili kwa machungu. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza yalijaa watu zaidi ya 100,000, na mahakama zilikuwa karibu tupu, kwani mahakimu wengi walikuwa wameuawa na wengine wamekimbia. Kule Arusha Umoja wa Mataifa uliweka mahakama yake, nayo iliwashitaki watu 93 hata ilipofungwa mwaka 2015. Ilikuwa kazi kubwa, maana iliwafikia wakubwa. Lakini wale wa vilimani, waliotenda mbele ya macho ya majirani zao, nani angewahukumu?

Ndipo zikaletwa mahakama za Gacaca, jina litokanalo na majani ambayo wazee wa zamani walikaa juu yake wakiamua magomvi. Zilianza kwa majaribio mwaka 2002, kazi yake ikaenea nchi nzima tangu mwaka 2005, zikafungwa mwezi wa Juni mwaka 2012. Mahakama hizo zilikuwa kiasi cha 12,000, na kesi zilizokatwa zilipita 1,900,000.

Waliohukumu walikuwa watu wa kawaida waliochaguliwa na majirani zao, wakaitwa inyangamugayo, yaani watu waaminifu wachukiao jambo la aibu. Mawakili hawakuwapo. Basi nguzo ya hukumu ilikuwa nini? Ilikuwa ulimi wa jirani. Mjane alisimama akauliza mumewe alitupwa wapi, na walioweza kumjibu walikuwa wamekaa mbele yake. Wengine walisema kweli, mifupa ikafukuliwa, ikazikwa kwa heshima. Wengine waliinamisha vichwa. Sheria ya mwaka 2004 iliweka kifungo kwa mwenye kukataa kutoa ushahidi alio nao, na kwa mwenye kusema uongo. Hata hivyo wapo walioagana kunyamaza, wapo waliouza maneno yao, na wapo waliomsingizia mtu kwa sababu ya shamba. Siyataji haya ili kuidharau kazi iliyofanywa. Nayataja kwa kuwa aibu hiyo haikuandikwa na mtunga sheria. Ilitoka kwetu sisi tuliokaa pale majanini.

Na dini yetu imetuonya zamani. Katika Sura ya Baqara, aya ya 283, twafundishwa kwamba afichaye ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 135, twaamrishwa kusimama na haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, wala tusimtazame mtu kwa utajiri wake wala kwa ufukara wake. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akiwatajia masahaba madhambi yaliyo makubwa kabisa, alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi sawa, akalikariri neno hilo hata wakatamani anyamaze.

Ndugu zangu, aya hizi nimezisomesha watoto miaka mingi. Sasa nitawaambia nilivyozitenda.

Miaka michache iliyopita, katika mtaa wetu, baiskeli ya mtu iliibwa usiku, naye akamtaja kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi ya kuunga vyuma. Kijana alipigwa na vijana wenzake, kisha akapelekwa kituoni. Mimi nilijua ya kuwa saa ile iliyotajwa kijana huyo alikuwa msikitini; aliswali Isha ubavuni kwangu, akabaki kunisaidia kukunja mikeka. Lakini mwenye baiskeli ndiye aliyetupa saruji ya kujengea madrasa, na ukuta ulikuwa bado nusu. Nikajiambia: polisi watachunguza, wapo wengine waliomwona, Mungu ataidhihirisha haki. Siku zikapita kumi na moja.

Siku ya kumi na moja bibi yake alikuja kwangu baada ya Alfajiri. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Sheikh, mjukuu wangu asema aliswali nawe. Je, ni kweli?" Nikasema, "Ni kweli, mama." Akanitazama, akasema, "Basi nilikuwa nikikungoja." Nilivaa kanzu yangu nikaenda naye kituoni asubuhi ile ile, nikasema nilichokiona, na kijana akatoka. Madrasa imekwisha, Alhamdulillahi, na mwenye saruji angali rafiki yangu. Alipojua kweli aliona haya kuliko mimi. Lakini yule kijana haswali tena msikitini kwetu. Tukikutana hunisalimu kwa adabu, akapita. Siku zile kumi na moja siwezi kumrudishia.

Basi wasia wangu ni huu. Mwenye kujua jambo asingoje kuitwa, aende mwenyewe. Asiyejua asiseme, uvumi uliopita katika simu watu mia si ushahidi, ungali uvumi, na msingiziaji ni mdhalimu sawa na mwenye kuficha. Wala mtu asichukue fimbo ili ahukumu njiani, kwani aliyekwisha kupigwa hapigulwi hata akionekana kuwa hana kosa. Na jumuiya yetu iweke watu wawili watatu wa kufuatana na shahidi maskini mpaka mbele ya hakimu, kwa maana wengi hunyamaza kwa hofu, si kwa ubaya.

Twailaumu serikali, twawalaumu polisi, twawalaumu vijana wa siku hizi. Pengine ni haki. Lakini kabla ya lawama hizo, kila mmoja wetu na ajiulize: je, yupo mtu aningojaye niseme nilichokiona?

Ewe Mola wetu, tujaalie ndimi za kweli na mioyo isiyoogopa kiumbe, warehemu waliodhulumiwa katika nchi hii, na utusamehe tulionyamaza. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.