Choo na Maji ni Maneno ya Chama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Malindi. Tumeichapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Iliposikika kwamba leo nitasema juu ya vyoo, ndugu mmoja aliniuliza, "Je, Chama kimekwisha maneno ya mishahara?" Hakikwisha. Maneno ya vyoo ni maneno ya mishahara, na nitaeleza kwa nini.

Mtu wa hoteli hapa mjini, mkata mkonge wa Vipingo, mchota chumvi wa Gongoni, wote wanauza nguvu za mwili. Mwili ukilala siku tatu kwa kuharisha au kwa homa, kibarua wa kutwa hapati hata senti moja. Mtoto akiugua, mama naye hukosa kazi, na bado nauli ya kwenda hospitali na bei ya dawa. Nyongeza tuliyoipigania mwaka mzima huishia mikononi mwa muuza dawa, na hakuna tajiri aliyeikata. Imekatwa na shimo lililo uani.

Katika maradhi yote nimechagua moja nilieleze vizuri, nalo ni matende, pamoja na nduguye, busha. Watu wa bonde la Sabaki na wa Kilifi wanayajua tangu zamani. Wengine husema ni uchawi, wengine husema ni urithi wa ukoo. Sivyo. Ni minyoo myembamba kama uzi ambayo hukaa mwilini na kuziba njia za maji ya mwili. Watoto wa minyoo hiyo huzunguka katika damu usiku, mbu huwanyonya, kisha huwapeleka kwa mtu mwingine. Mtu aweza kuwa nao miaka mingi bila kuvimba wala kujua. Atakapoanza kuvimba mguu, kiatu cha kazi hakiingii. Na mwenye busha kubwa hawezi kubeba gunia wala kupanda ngazi. Wangapi wameacha kazi kimya kimya kwa aibu, na sisi tukaambiwa "amestaafu"!

Sasa, mbu huyo azaliwa wapi? Mashambani hata mbu wa malaria huweza kuuchukua ugonjwa huu. Lakini mjini mchukuzi mkubwa ni yule mbu wa nyumbani anayetuimbia masikioni usiku, na huyo hapendi maji safi. Hutaga mayai katika maji machafu: shimo la choo lenye maji, shimo la maji ya kuogea ambalo kifuniko chake kimevunjika, mtaro ulioziba. Kwa hivyo mtu mwenye choo kibovu hajidhuru peke yake. Huwafugia mbu majirani wote.

Serikali ilianza kugawa vidonge vya matende katika wilaya ya Kilifi mwaka 2002, na wengi wetu tulivimeza. Ni jambo jema, na wagawaji wakija tena tuvimeze. Lakini kuna miaka ambayo vidonge havikuja. Tena dawa husafisha damu ya mtu tu, haizibi shimo.

Hapa nawaomba mtege masikio, maana jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa jirani zetu wa Unguja. Kule Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kila watu 100 waliopimwa damu, 49 walikuwa na wadudu wa matende. Watu wakapewa dawa. Pamoja na dawa, kila choo chenye maji na mbu kikamwagiwa vijipunje vyeupe vya povu, vyepesi sana, vya namna ile ile ya povu linalotiwa katika maboksi ya redio na televisheni zisivunjike. Vijipunje vile huelea juu ya maji na kufanya tabaka kama blanketi. Viluwiluwi vya mbu hukosa pumzi, na mbu mama hapati pa kutaga. Baada ya miaka mitano, wenye wadudu katika damu walikuwa 3 kwa 100 tu.

Mahali pengine huko huko Unguja, panapoitwa Moga, watu walipewa dawa lakini vyoo viliachwa vilivyo. Mwanzo ugonjwa ulishuka. Kisha, kati ya mwaka wa tatu na wa sita, wadudu walianza kurudi katika damu za watu. Dawa ile ile, kisiwa kile kile! Tofauti ilikuwa chooni.

Basi tutazame kwetu. Nyumba ya vyumba sita yenye watu ishirini ina choo kimoja, na pembeni kisima. Jiwe la pwani yetu ni la matumbawe, lina matundu kama sponji, na maji ya choo hupita humo hadi kisimani bila kubisha hodi. Wataalamu hutaka choo na kisima viwe mbali kwa mita 30 au zaidi, na penye jiwe la matundu hata hizo huenda zisitoshe. Nani hapa ana ua wa mita 30? Hapo ndipo huingia kuharisha, homa ya matumbo, na kipindupindu kikifika. Maji ya kisima cha namna hiyo yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yang'aa kama kioo.

Tusiwalaumu maskini peke yao. Wachunguzi walipopima maji yaliyosimama katika mji huu wa Malindi katika miaka ya 2000, waliona kwamba mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa bila kutumiwa yalikuwa miongoni mwa mazalio makubwa ya mbu, wa malaria na wale wengine. Hoteli ikifungwa msimu mbaya, mfanya kazi hupoteza kazi, na bwawa humletea homa nyumbani. Na kule kwenye chumvi, Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi mwaka 2005. Wenyeji walieleza habari za visima kuingiwa na chumvi, na wafanya kazi wakaeleza taabu za kazini.

Sheria iko, ndugu zangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya nyumba, ya usafi wa kadiri, na ya maji safi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 32, yamlazimisha tajiri kutoa maji mazuri ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba alizowapa wafanya kazi wake. Kifungu cha 31 chataka nyumba au fedha ya kodi juu ya mshahara. Lakini jihadharini: mkataba wa Chama ukikubali kwamba kodi imo ndani ya mshahara, mlango huo umefungwa. Someni kabla ya kutia sahihi! Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yataka vyoo vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume. Dada anayejizuia kunywa maji kutwa nzima kwa kuwa hana pa kwenda anaumizwa na kazi, sawa na aliyekatwa na panga.

Kwa hivyo naiomba Halmashauri iingize choo, maji na mabwawa yaliyoachwa katika madai ya mkataba ujao. Madai hayaendi mikono mitupu. Kila mjumbe ahesabu katika kambi au nyumba za wanachama wake: watu wangapi kwa choo kimoja, shimo lina kifuniko au halina, kisima kiko hatua ngapi, na siku ngapi za kazi zilipotea mwezi uliopita kwa ugonjwa. Wenye nyumba za kupanga tutawaendea pamoja na Bwana Afya wa Kaunti. Karatasi za kuandikia hesabu hizo ziko kwa karani wa tawi, na zirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi.