Mifupa Kwanza: Masharti ya Shahada ya Uzamili katika Anthropolojia ya Uchunguzi wa Jinai



Fasili mnazijua. Fani hii huisoma mifupa ya binadamu ili mahakama na jamaa wajue marehemu alikuwa nani na alifikwa na nini. Masharti ya uzamili nayo hayatofautiani sana: shahada ya kwanza ya anatomia, akiolojia au fani jirani, masomo ya mifupa, ufukuaji na ushahidi mahakamani, kisha tasnifu. Anayetaka ithibati kamili ya bodi ya Marekani ya fani hii, iliyoanzishwa 1977, ajue kwamba uzamili hautamfikisha, maana bodi hiyo hudai udaktari wa falsafa. Hapo nimemaliza niliyoagizwa.

Sharti ninalolipigania miaka yote ni mazoezi. Nimesahihisha mitihani ya vitendo iliyofanywa kwa kiunzi cha plastiki: meno yote thelathini na mawili, hakuna ubavu uliowahi kuvunjika ukaunga. Maiti wa namna hiyo mimi sijamfukua bado.

Siku moja tulipata mfupa wa kweli, wa paja. Mwanafunzi akaulaza kwenye ubao wa kupimia, akasoma sentimita 46. Akashika kanuni za kukadiria kimo za Trotter na Gleser za 1952. Kwa kanuni ya wanaume weupe marehemu alikuwa na kimo cha sentimita 171, kwa ya weusi 167, na wote hao waliopimwa ni Wamarekani. Akaniuliza, “Sasa Mwalimu, huyu wa Kilifi nimtie fungu gani?” Sikumjibu. Hata umri tunaukadiria kwa kiungio cha kinena kwa vielelezo vilivyotokana na mochari ya Los Angeles.

Huko huko Kilifi, katika msitu wa Shakahola, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na jamaa walianza kukabidhiwa Machi 2024. Sidai kwamba mtaalamu wa mifupa peke yake angeharakisha. Vipimo vya vinasaba vina utaratibu wake, na si kazi yangu kuzisemea idara nyingine. Lakini kimo, umri na jeraha la zamani hupunguza orodha ya majina kabla maabara haijajibu.

Kwa hiyo napendekeza senati za vyuo ziweke idadi ya saa za kushika mifupa halisi, na saa za plastiki zisihesabiwe. Vyuo viafikiane na Makerere, penye mkusanyo wa Galloway, na Johannesburg, penye mkusanyo wa Raymond Dart wenye viunzi zaidi ya 2,500, wanafunzi wakae huko walau muhula mmoja. Tasnifu zipime watu wa huku, tupate kanuni zetu. Mtahini wa nje atoke mochari au mahakamani, asitoke darasani tu. Mashehe na maaskofu washirikishwe mapema kuhusu watu kuusia miili yao, tusiwaendee baada ya lawama. Na nalirudia lile la plastiki kwa kuwa nililisema katika semina zilizopita likaishia kwenye kumbukumbu za kikao: mtahiniwa asiyeshika mfupa wa mtu asitunukiwe.

Fomu za wosia wa mwili ziko kwenye meza ya usajili, pale mlangoni. Yangu nimeshaijaza.